Nilichomwambia mwanangu usiku ule wa Obama

Hamjambo nyumbani! Mombasa, Nairobi, Kisumu, na nyinyi mlioko Gulf, karibuni. Msamehe vyombo hapo nyuma. Nimetoka shifti ya usiku, na nikisema nilale kwanza sitarekodi tena.

Wengi mnaniuliza, "Mama, huyo Obama wenu aliwabadilishia nini huko?" Wenu tena! Nyinyi ndio mliopewa sikukuu na Rais Kibaki kwa Obama kushinda urais wa Marekani, Alhamisi ile tarehe 6 Novemba 2008. Sisi hapa Richmond, Virginia, tulienda kazini kama kawaida.

Wacha niwarudishe Jumanne yake, siku ya uchaguzi. Mimi sikupiga kura, nilikuwa na grini kadi tu, kibali cha kuishi hapa, si uraia. Lakini jirani yangu, mama wa Kimarekani mweusi aliyepita miaka themanini, aliniomba nimpeleke. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na moja keshasimama mlangoni kwangu na kofia yake ya kanisani. Kijana wangu alikuwa na miaka minne, nikambeba na blanketi lake.

Tukiwa kwenye foleni, yule mama akafungua Biblia akanitolea kikaratasi kimekwisha rangi. Risiti. Kumbe hapa, tangu katiba yao ya 1902, mtu akitaka kupiga kura alilipa dola moja na nusu ya kila mwaka, miaka mitatu kwa pamoja, tena miezi sita kabla. Dola nne na nusu, na yeye kazi yake kufulia watu nguo! Nikamwambia, mama, hiyo kwetu tunaijua: kodi ya kichwa. Babu yangu aliilipa ili Mwingereza asimkamate, yeye aliilipa ili apewe karatasi ya kura. Mwaka 1964 iliondolewa kwenye uchaguzi wa rais, na 1966 Mahakama ya Juu ikaifuta kabisa, kwa kesi iliyotoka Virginia hii hii. Risiti yake aliitunza. Sikumuuliza kwa nini.

Saa tano usiku, kwenu saa moja asubuhi ya Jumatano, TV ikatangaza Obama kashinda. Hata Virginia ilimpa, jimbo ambalo halikuwa limempa mgombea wa Democrat, chama cha Obama, tangu Rais Johnson mwaka 1964. Nikamwamsha mtoto, machozi yananitoka. "Mwanangu, kuanzia leo hakuna mlango utakaofungiwa kwa ajili ya ngozi yako." Akasema anataka kukojoa.

Sasa mimi nilijuaje? Kwetu sikuwahi kuwa mweusi, jamani. Nilikuwa Mtaita, binti wa fulani. Weusi nimeukuta hapa, kwenye fomu. Na miezi kumi tu kabla ya usiku ule, sisi Wakenya tulikuwa tunauana kwa sababu ya kabila, zaidi ya watu elfu moja. Mnakumbuka ule utani, kwa vile baba yake Obama alikuwa Mjaluo, kwamba Mjaluo atakuwa rais Marekani kabla ya Kenya? Tuliucheka sana. Nikadhani kwa kuwa naujua ubaguzi wa kwetu, na huu wa hapa nimeshauelewa.

Februari 2012, Obama yuko Ikulu, Trayvon Martin, kijana mweusi, akapigwa risasi akafa kule Florida. Miaka 17, kavaa jaketi la kofia, anatoka dukani na pakiti ya peremende. Wangu naye alikuwa na jaketi kama hilo, halimtoki mwilini. Nikalificha. Nikamwambia limepotea kwa dobi. Hajui mpaka leo, labda anajua sasa hivi akitazama. Pole, baba.

Halafu Septemba 2021 wakaling'oa sanamu la Jenerali Lee, yule wa jeshi lililopigania utumwa. Lilisimama mjini hapa tangu 1890. Tulikwenda kutazama. Kreni inanyanyua, watu wanapiga kelele, na kijana ana miaka 17 ile ile, kimo kanipita. Nikaona maneno yananijia tena mdomoni. Nikayameza, nikamnunulia soda.

Mwaka 2024 akapiga kura yake ya kwanza ya rais. Jirani yetu alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Kijana alikwenda akitoka kazini, hakulipa hata senti, dakika kumi kamaliza. Akarudi nyumbani analalamika hakuna pa kuegesha gari.