Majivu ya Siga: Udongo Ndio Unaosema

Ndugu Mwenyekiti, maafisa ugani, wateuzi wa madaraja ya tumbaku, na wakulima mliotoka Urambo, Kaliua na Sikonge,

Nimeombwa nizungumzie imani moja ya wavutaji wa siga, ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu bila karatasi: kwamba majivu yakiwa meupe pe, siga ni ya daraja la juu, na yakiwa ya kijivu, mnunuzi amepunjwa. Tumbaku yetu ya mvuke hapa Tabora, ile inayokaushwa kwa joto la moto ndani ya bani, si ya siga, kwa kuwa majani ya siga hukaushwa kwa hewa na kisha huvundikwa kwenye marundo hadi yapate joto. Hata hivyo, kinachobaki baada ya moto ni madini yaleyale ambayo mkulima huyasoma kwenye mfuko wa mbolea.

Tazameni jani hili. Nimelitoboa kwa waya wa moto, hakuna mwali, ila ukingo mwekundu unatambaa taratibu na kuacha vumbi jeupe nyuma yake. Lakini hapa kando ya uti umebaki utepe mweusi. Weusi huo ni kaboni ambayo haikumaliza kuungua, na weupe ni kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zilizobaki baada ya kaboni kwisha.

Magnesiamu ndiyo hasa inayong'arisha majivu. Kwenye udongo wa kichanga, kama ulivyo mwingi wa huku kwetu, mvua kubwa huichukua na kuizamisha chini, na majani ya chini ya mche huanza kupauka huku mishipa ikibaki ya kijani. Ikizidi, nayo ina kero yake: majivu huwa meupe lakini hupukutika na kumwangukia mvutaji kifuani. Adui wa moto ni klorini, na ndiyo sababu potasiamu ya tumbaku hutakiwa itokane na salfeti, wala si kloridi, ambayo ndiyo inayobeba klorini. Mkulima aliyebana matumizi kwa kununua ile ya bei nafuu huvuna jani linalonyonya unyevu na kuzimikazimika.

Siga za Kuba zilizotokana na mashamba ya Vuelta Abajo, eneo la tumbaku magharibi mwa Kuba, mara nyingi hutoa majivu ya kijivu, na sijasikia mtu akizirudisha dukani kwa sababu hiyo. Kama ni lazima majivu yahojiwe, basi yahojiwe kwa ushikamano wake, kwa sababu siga iliyojazwa majani marefu hushika majivu muda mrefu, na ile ya vipande huyadondosha mapema. Rangi ni swali la udongo na unyevu.

Sasa jani la pili, ambalo limetoka kwenye mche uleule. Usiku kucha nimelilaza ndani ya kitambaa chenye maji. Nimelichoma kwa waya uleule, nanyi mnaona: limezimika lenyewe, na ukingo wake ni mweusi kama sufuria ya mama ntilie.