Upepo Kwanza, Moto Baadaye: Kibaraza cha Mama Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu! Karibuni tena. Leo nimekaa nje, nyuma ya nyumba ninayoishi hapa Glasgow. Nyuzi joto ni 12, mawingu yanapita mbio, jua linatoka na kujificha. Miguuni nina shuka, mkononi chai ya tangawizi, na nimekaa hapa saa nzima bila kutetemeka. Nawaonyesha hali hii kwa sababu ninachotaka kuongea leo kinahusu nyumbani, Dodoma, na kinamhusu mama yangu: namna ya kumtengenezea mahali pa kukaa nje bila kusumbuliwa na upepo, vumbi na baridi.

Nyinyi wa Dodoma mnaijua Julai yetu. Mtu wa Dar akisikia Dodoma anafikiria jua kali tu. Mwambie alale Nzuguni mwezi wa saba halafu atoke nje alfajiri! Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe unashuka mpaka nyuzi 13 au 14. Mchana unapanda hadi 26 hivi, unavua sweta. Alasiri upepo unaamka kutoka mashariki na kusini mashariki, unabeba vumbi jekundu, na jioni unalitafuta tena sweta. Hali ya hewa inageuka mara tatu kwa siku moja, na mzee anayependa kukaa nje na wenzake anashinda akihamisha kiti.

Mama yangu ni wa kukaa nje. Kuchambua mlenda, nje. Kupokea wageni, nje. Ukimfungia sebuleni na makochi na televisheni, anakonda. Mwaka 2022 nilianza kutuma hela za kuboresha nyumba, na nikasema mama nitamjengea kibaraza kizuri. Nikachora mwenyewe, nikatuma picha kwa fundi. Kibaraza kikaja mbele ya nyumba, kinatazama barabara, yaani mashariki. Marumaru inang'aa. Mbele yake ukuta mzima wa tofali, mita 2 na nusu, nikijua ukuta utazuia upepo. Fundi alijenga vilevile nilivyomwambia, na alijenga vizuri.

Nikaja likizo Julai ya mwaka jana. Jioni ya kwanza mama kaniandalia chai pale kibarazani. Haikupita robo saa, vumbi juu ya chai, vumbi kwenye karanga, khanga ya mama inapeperuka, na mama anasema taratibu, "Twende ndani mwanangu, ndivyo ilivyo siku zote." Siku zote! Miaka miwili alikuwa anaingia ndani saa kumi na moja jioni na hakuniambia, asinivunje moyo. Iliniuma sana.

Sasa sikilizeni kwa nini ule ukuta ulishindwa, kwa sababu naona wengi wanajenga hivyohivyo. Upepo ukikutana na ukuta usio na tundu hausimami. Unapanda juu, unaruka, halafu unajimwaga upande wa pili ukizunguka kama kisulisuli. Ukikaa karibu na ukuta huo, unakaa palepale unapoangukia, pamoja na vumbi lake. Kizuizi kizuri ni kile kinachoruhusu upepo kiasi kupenya, kama nusu hivi, ili ule unaopita juu usipate nafasi ya kuanguka kwa nguvu. Ndiyo maana ua wa miti au wa matete unatuliza upepo kuliko ukuta wa gharama. Na unatuliza mbali: ua wa mita 2 unasaidia mpaka mita 15, hata 20, kwenda nyuma yake, ukipungua kidogo kidogo.

Tulichofanya ni kuondoa kozi tatu za juu za ule ukuta na kuweka tofali zenye matundu, zile za urembo. Hapo tu vumbi likapungua. Lakini hilo lilikuwa la kupunguza kosa. Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha kibaraza.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana hiki ndicho kilichonifanya niwashe kamera leo. Huku Glasgow nilijifunza kitu kwa bibi mmoja jirani yangu. Ana kiti chake nje, na hata siku ya baridi utamkuta pale na blanketi. Niliona kiti kile hakihami: kimeegemea ukuta unaotazama kusini. Nikamuuliza, akaniambia jua la huku liko kusini mwaka mzima. Desemba, saa sita mchana, jua la hapa liko chini sana, nyuzi kama 11 tu juu ya upeo wa macho, na ukuta wa kusini ndio unaolipokea. Nikajiuliza, sisi je? Jua letu liko wapi wakati wa baridi?

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Maana yake mwezi wa sita na wa saba jua letu la mchana limeegemea kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili limevuka, limeegemea kusini. Na upepo wetu wa baridi unatoka mashariki na kusini mashariki. Viunganisheni hivyo viwili! Upande wa kaskazini wa nyumba unapata jua wakati wa kipupwe, unapata kivuli mwezi wa kumi na mbili, na nyumba yenyewe inaukinga na ule upepo wa kusini mashariki. Mahali pazuri pa kukaa palikuwepo tangu nyumba ilipojengwa. Kwa mama palikuwa pamerundikwa mabati chakavu na ndoo.

Tukasafisha. Tukainua kipenu cha bati, upana mita 2 tu kutoka ukutani, ukingo wa mbele mita 2 na sentimita 40 kutoka chini. Vipimo hivyo nilivikalia usiku mzima na kalamu. Kwa urefu huo, mwezi wa sita mchana jua linaingia chini ya kipenu kama mita moja na kidogo, na kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni linateremka kiasi cha kupanda ukutani, pale alipoegemea mama. Ukuta ukishapata joto unakaa nalo, unalirudisha polepole giza likiingia. Mama anasema mgongo wake haumsumbui akikaa pale. Kipenu kikiwa kipana mno, jua halifiki. Naona watu wanaezeka mita 4 ili kionekane kikubwa, halafu kipupwe chote kuna giza na ubaridi.

Msiweke bati tupu. Bati mchana linakuunguza kichwa na usiku linapoa upesi. Chini yake tulitandaza dari ya matete, yakafungwa kwa waya. Na kuwa na kitu juu ya kichwa usiku kuna faida ambayo wengi hawaifikirii: anga la Dodoma wakati wa kiangazi ni jeupe, halina wingu, na joto la ardhi na la mwili wako linapotea kwenda juu. Kaa chini ya paa, halafu toka nje hatua tano usikie tofauti.

Upande wa mashariki wa kipenu, ule unaopigwa na upepo ubavuni, tumeweka kiambaza cha matete cha kudumu. Magharibi tumeacha wazi kwa makusudi, maana jua la jioni la Julai ni dawa. Lakini Oktoba jua hilohilo ni adui, kwa hiyo pale kuna turubai zito linalokunjwa juu kama mkeka, chini lina mrunda mwembamba wa kulipa uzito, na kamba mbili. Mama analishusha mwenyewe. Mwezi wa pili na wa tatu mvua ikija na upepo, ya kulala, analishusha pia. Dodoma mvua yetu si nyingi, ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, lakini ikija inakuja kwa kishindo.

Niseme neno kwa wanaojenga sasa hivi. Tangu serikali ianze kuhamia mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, kila nikija naona mitaa mipya, Iyumbu, Mtumba, Ihumwa. Nyumba nzuri kabisa. Lakini nyingi zimekuja na ramani ya Dar es Salaam. Dar unautafuta upepo, unafungua kila upande ili hewa ya bahari ipite. Upepo wa Dodoma ni mkavu na una vumbi, unakaribishwa kwa kiasi. Nendeni mkaangalie tembe zilizobaki upande wa Mvumi. Kuta nene za miti na udongo, paa la udongo, vyumba vimeuzunguka ua. Bibi yangu alikuwa anaota moto ndani ya ua ule, majivu hayaruki. Walioijenga walikuwa wameusoma upepo wa Ugogo kwa vizazi, na mimi nilitakiwa kuanzia kwao kabla ya kuchora chochote.

Kabla hujajenga, fanya hivi: chana kitambaa chepesi vipande vinne, funga kila kona ya nyumba kwenye kijiti, halafu uvitazame saa kumi jioni kwa wiki nzima. Kona ambayo kitambaa kinaning'inia tu, weka kiti hapo.

Wengi mliniuliza kuhusu moto wa kuota kibarazani, mkitarajia ningeanza nao. Moto unakuja mwisho. Penye upepo hata uwashe gunia zima la mkaa, joto linabebwa kwa jirani. Upepo ndio unaoondoa ile hewa ya vuguvugu inayokaa juu ya ngozi yako. Huku watu wananunua hita za gesi za kusimama, na zile nazo zinachoma mwili unaozielekea, hewa haipati joto lolote la maana. Ukishaukinga upepo, jiko moja dogo la mkaa linatosha watu wanne. Mama analiweka katikati, juu ya sinia lenye mchanga, mbali na matete na turubai.

Na hapa nasema kwa uzito wote: ukishusha turubai pande zote, jiko la mkaa litoke. Usiliingize chumbani ati limebaki makaa tu. Mkaa unaoungua unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Unasikia usingizi, kichwa kinauma, na hauamki. Mama zangu, dada zangu, msibembeleze watoto usiku kwa jiko ndani ya nyumba iliyofungwa. Blanketi la pili ni bora mara mia.

Kuhusu kukaa: baridi nyingi ya wazee inaingia kwa chini. Sementi na marumaru vinanyonya joto la mwili. Kwenye benchi tumeweka mkeka, juu yake godoro jembamba la sponji lililoshonewa foronya ya kitenge, na chini ya miguu jamvi. Kila kiti kina mgolole wake, mgeni akifika anajifunika bila kuomba. Haikuwa gharama kubwa, na ndicho mama anachokisifia kuliko kipenu chote.

Miti bado. Nataka safu ya miarobaini upande wa mashariki, nje ya ule ukuta, mbali kidogo ili mizizi isiusumbue. Itapandwa Januari ardhi ikiwa imelowa, na kiangazi itanyweshwa maji ya kufulia ya kusuuzia. Kaka amependekeza minyaa kwa sababu inaota haraka. Mimi nimekataa, wajukuu ni wengi pale na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni shida kubwa. Mama mwenyewe anataka mzabibu upande kwenye kichanja mbele ya kipenu. Dodoma bila zabibu inakuwaje? Nimemwambia sawa, ila kichanja kikae pembeni, mashariki, kisije kikanywa lile jua la Julai tulilolitafuta kwa kalamu.

Kitu cha mwisho, matakia. Vumbi la Dodoma likiingia kwenye sponji halitoki. Tumemwekea sanduku la mbao lenye mfuniko karibu na mlango, akiinuka kila kitu kinaingia humo, na mfuniko wake ni meza ya kuwekea chai.

Haya, mnaona? Tone la kwanza limeanguka kwenye kioo cha kamera. Ngoja niingize matakia yangu kabla hayajalowa. Msalimieni mama zenu.