Jinsi ya kuunda leza ya gharama nafuu ya kuchunguzia molekuli za iodini

Ndugu watazamaji, karibuni. Diodi ya leza nyekundu ya nanomita 635 nimekwisha kuikaza kwenye kishikio chake cha alumini, na lenzi imesogezwa hadi doa lisipanuke ukutani. Vaeni miwani ya kinga kabla ya kuwasha.

Vaeni pia kamba ya mkononi iliyounganishwa na ethi. Diodi yangu ya kwanza iliharibiwa na umeme tuli ambao sikuuhisi kabisa. Iliendelea kutoa mwanga hafifu, nami nikapoteza siku mbili nikirekebisha lenzi isiyo na kosa. Narudia: kamba kwanza, diodi baadaye.

Sasa tunaweka gretingi, yaani kioo chenye mistari 1800 kwa kila milimita, kwa pembe ya digrii 35 hivi, ili sehemu ya mwanga irudi ndani ya diodi na kuilazimisha kushika rangi moja tu. Nyuma yake nimegundisha kisahani cha pizo, yaani kinachojongea kikipewa volti, kilichotolewa kwenye baza (kifaa kidogo cha kutoa mlio), nacho ninakipenda kwa sababu hujongea vya kutosha kwa volti chache.

Hapa pana ugumu. Punguzeni mkondo hadi chini kidogo ya kizingiti, yaani mkondo ambao chini yake diodi haitoi tena mwanga wa leza bali inafifia, kisha zungusheni skrubu ya wima, ile inayoinamisha gretingi juu au chini, taratibu mno. Subirini, kamera inaonyesha madoa mawili: la juu ni mwanga uliorudi, na bado haujalalia lile la chini. Nazungusha kidogo, kidogo tena... Hapo! Doa limeng'aa ghafla. Shusheni mkondo zaidi, mtafute mng'ao huo upya, na msiguse skrubu hii mkondo ukiwa juu, kwa maana mng'ao hautaonekana. Mkondo chini kwanza, skrubu baadaye.

Kilichobaki ni chepesi. Pitisheni mwanga kwenye chupa ya mvuke wa iodini iliyopashwa moto kidogo hadi kwenye fotodiodi, yaani kipima mwanga, kisha yumbisheni volti ya pizo ili rangi ya leza isogee kidogo huku na huku. Kwenye osiloskopu, skrini inayochora volti ya fotodiodi, mnaona mabonde ya ufyonzaji, yaani mahali iodini inapomeza mwanga. Kutokana na mwendo wa molekuli, kila mstari mmoja wa ufyonzaji hutanuka kufikia megahezi 370 hivi. Bonde hili la kulia limekatika wima, maana yake leza imeruka rangi. Naongeza mkondo kwa sehemu ndogo ya miliampia, nalo linaungana.