Jamani, Sykes wa Huddersfield siyo Sykes wa Gerezani

Haya familia, mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli. Kwa wageni, mimi ni binti wa Muheza, Tanga, naishi Huddersfield huku Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, nafanya kazi ya kuhudumia wazee na nikiwa ofu ndo nawarekodia. Msiangalie huko nyuma, nguo zimeanikwa sebuleni maana nje mvua haikati.

Leo nilitaka niwaonyeshe soko la nguo za mtumba la huku ila komenti zimenishinda. Tangu nibadilishe jina kwenye chaneli nikaweka Sykes, jina la mume wangu, kila vidio lazima mtu aulize. Dada we ni wa kina Dully Sykes yule mwanamuziki? Shemeji yetu ni wale Sykes wa TANU? Mwingine yuko Muscat kaniandikia kwa hasira kabisa kwamba hao kina Sykes ndo waliowagawa Waarabu na mpaka leo damu inamwagika. Na wale wangu siku zote, "umeolewa na mzungu umetupa jina la baba yako, ringa tu". Sasa nijibu zote hapa, najua nikieleza mtasema najisifu na nikilalamika mtasema panda ndege urudi, kwa hiyo semeni tu, mi nishazoea.

Tuanze na Dar. Hapana, mume wangu hana undugu na Sykes wa Gerezani. Habari zao za kuanzisha TANU, chama cha uhuru, sirudii, mnazijua. Ila wengi hawajui jina lilifikaje pale. Babu yao aliitwa Sykes Mbuwane, Mzulu, Wajerumani walimchukua Msumbiji upande wa Inhambane akaja na jeshi la kamanda wao Wissmann mwaka 1889 kupigana na Abushiri aliyekuwa anawapinga kule Pangani, yaani kwetu kabisa, ukitoka Muheza siyo mbali. Mwanawe ndo Kleist, kazaliwa 1894, huyo aliyekuja kuwa katibu wa African Association, chama kilichotangulia TANU, ilipoanzishwa 1929, na mtaa uliokuwa unaitwa Kipata pale Gerezani leo ni Mtaa wa Kleist Sykes. Sasa tazameni hapo, Kleist ni jina lake, Sykes ni jina la baba yake. Ni vilevile tunavyofanya sisi wote, jina lako, la baba, la babu. Kwa hiyo Sykes ya Dar ni jina la mtu mmoja lililogeuka kuwa la ukoo, na ukoo wenyewe ni Mbuwane. Ukimtafuta babu yao unaelekea kusini kwa Wazulu, huku kwenye baridi utapoteza nauli.

Binamu yangu mmoja yuko Mbezi, sitamtaja anajijua, alipoona hilo jina kanipigia usiku wa manane ananiambia dada sasa umeingia kwenye ukoo wenye majumba, nisaidie mtaji wa bajaji. Mume wangu fundi bomba! Anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuzibua vyoo vya watu. Majumba gani?

Haya, huyo Sykes wa Waarabu. Huyo yupo kweli na ni wa Yorkshire kweli, Sir Mark Sykes, yeye na Mfaransa Georges-Picot ndo walikaa na ramani mwaka 1916 wakagawana nchi za Waarabu za himaya ya Waturuki kabla hata vita haijaisha. Lakini huyo ni wa Sledmere, Yorkshire ya mashariki, matajiri wa mashamba, wana jumba mpaka leo watu wanalipa kiingilio kulitazama. Alikufa Paris mwaka 1919 kwa ile homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani, na kwa sababu alizikwa kwenye jeneza la madini ya risasi, wanasayansi wakamfukua 2008 wakitafuta kirusi cha ile homa. Miaka karibu tisini baadae unafukuliwa kwa ajili ya mafua, makubwa haya. Ndugu yangu wa Muscat, shemeji yako hakugawa nchi ya mtu, yeye akigawa bili ya umeme na mimi tunagombana.

Sasa wa kwetu huku. Ukitoka Huddersfield ukafuata bonde kuelekea Manchester kuna kijiji kinaandikwa Slaithwaite ila ukisoma hivyo watakucheka, wenyewe wanasema Slawit. Hapo ndo nyumbani kwa kina Sykes, hapo na vijiji vinavyozunguka. Nenda makaburini uhesabu utachoka. Nilipojiandikisha hospitali ya mtaa baada ya ndoa, dada wa mapokezi akaita "Mrs Sykes", nikainuka, na bibi mmoja kainuka, na mama mwenye mtoto mchanga kainuka, tukatazamana, yule dada wala hakushtuka, akasema tu tarehe za kuzaliwa jamani. Huku ndo hivyo, hilo jina ni kama Juma kule kwetu, halimpi mtu heshima yoyote. Anayesema naringa nalo hajui anachosema.

Na maana yake yenyewe mkisikia mtanihurumia. Sike kwa Kiingereza cha zamani cha kaskazini ni kijito chembamba, kile kinachopita kwenye majaruba na kutengeneza matope, mara nyingi ndo mpaka wa shamba na shamba. Nyuma ya nyumba ya mama mkwe kipo kimoja unaruka bila kukunja sketi, kiangazi kinakauka. Zamani wazungu hawa nao walikuwa na jina moja tu, John, William, Adam, basi, mpaka miaka ya 1200 na 1300 huko ndo majina ya ukoo yakaanza kushika, maana watu wa karatasi walitaka kumjua John yupi, ndo unaandikwa John wa kwenye kijito. Huku West Riding, yaani Yorkshire ya magharibi, zimebaki orodha za kodi ya kichwa ya mwaka 1379, mtu kwa mtu, kijiji kwa kijiji, na watu wa historia ya majina huko ndo wanapochimba, alikuwepo mzee mmoja wa hapahapa Huddersfield, George Redmonds, hii kazi ndo alifanya maisha yake yote. Yaani kumbe hata wao jina wamelipata sababu ya kodi. Tuko pamoja.

Utamu wenyewe ni huu, nilipoanza kusoma nilikosa usingizi. Vijito vya namna hiyo Yorkshire ni vingi kama nini, kwa hiyo vitabu vilikuwa vinasema bila wasiwasi kwamba kina Sykes wametokana na watu wengi tofauti, kila mmoja na kijito chake. Akatokea profesa wa Oxford wa mambo ya vinasaba, naye anaitwa Sykes, Bryan Sykes, alifariki 2020. Yeye akafikiria hivi, jina la ukoo huku linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na kromosomu Y nayo hivyohivyo, baba kwenda kwa mwana, mama haimo. Basi kama wote wana babu mmoja, Y itasema. Akawapima wanaume wenye jina la Sykes waliochukuliwa bila kuchaguliwa, akatoa matokeo mwaka 2000, karibu nusu yao wana Y ya aina moja, na hiyo aina alipoitafuta kwa majirani zao wasio Sykes na kwa Waingereza wengine aliowapima haikuonekana. Babu mmoja! Mtu mmoja kwenye kijito chake miaka kama mia saba nyuma, katoa lundo lote hili.

Najua wanaume wa komenti mshaanza kucheka, nusu ile nyingine je? Haya chekeni. Profesa alisema hao wengine ni uzao ulioingia pembeni kidogo kidogo kwa karne zote hizo, mtoto wa kuasili, mtoto wa binti aliyezalia nyumbani akapewa jina la ukoo wa mama, na hayo mnayoyawaza nyie pia yamo. Akakadiria asilimia 1.3 tu kwa kila kizazi. Mi naona wake wa kina Sykes wametulia sana, kuna koo huko kwetu tukipima leo shughuli itavunjika ukumbini. Nilimwambia mume wangu naye apime, vifaa vinauzwa mtandaoni, akasema hiyo hela tununue matairi ya gari. Mama yake ndo akawa mkali kabisa, akasema acheni mambo yenu. Nikaacha.

Kwa nini walibaki bondeni miaka yote hiyo? Sufu. Udongo wa huku mbaya, mvua nyingi, kilimo hakimlishi mtu, lakini kila nyumba ilikuwa na mtambo wa kufumia nguo, ukipita Slawit utaona nyumba za mawe zina madirisha mengi yamepangana ghorofa ya juu, pale mfumaji alikuwa anatafuta mwanga. Kwa hiyo kijana wa kiume hakulazimika kuhama kutafuta shamba, anakaa palepale anafuma, anaoa, anazaa kina Sykes wengine. Viwanda vilipokuja ndo wakaanza kusambaa, Leeds, Halifax, ng'ambo ya milima upande wa Oldham, wengine Australia, Marekani. Ila hata leo ukitazama ramani ya hilo jina Uingereza nzima, pale pekundu zaidi ni huku kwetu. Marekani ndo kuna mchekeshaji Wanda Sykes, dada yetu mweusi wa Virginia, yeye walipomchimbia ukoo kwenye kipindi cha TV cha profesa Henry Louis Gates walikuta upande mmoja wa ukoo wake ni watu weusi waliokuwa huru tangu miaka ya 1600 huko. Kwa hiyo jina moja siyo lazima damu moja, mnanielewa? Msiniletee tena habari za undugu.

Haya, tuje kwenye kilichonifanya nichukue hilo jina, maana shangazi yangu aliniandika kwenye grupu la wasap la familia, watu wote wanasoma, eti nimeuza jina la baba yangu. Shangazi shikamoo, najua unaangalia. Sheria ya huku haimlazimishi mke kuchukua jina la mume, na mimi nilikaa na jina la babu yangu kwa raha zangu. Tatizo ni mtoto. Mtoto ana jina la baba yake, mimi nina langu, nikisafiri naye peke yangu yule wa uhamiaji anatutazama mara mbili, huyu ni nani yako, baba yake yuko wapi, una barua? Cheti cha kuzaliwa mkononi, mtoto analia, foleni nyuma inaguna. Na weusi wangu huu na mtoto mwepesi wa rangi, maliza mwenyewe. Nikasema basi.

Kumbe ndo nimefungua mlango wa ofisi. Kwa kubadilisha kwa ndoa cheti cha ndoa kinatosha, ila kila ofisi inataka cheti halisi na siyo kopi, kwa hiyo unanunua nakala za ziada, kila moja paundi kumi na kitu. Benki walibadilisha siku hiyohiyo. Pasipoti yangu ya Tanzania bado ina jina la zamani, na ukaazi wetu siku hizi uko mtandaoni, zile kadi za plastiki zilikoma mwisho wa 2024, na jina la ukaazi lazima lifuate pasipoti, kwa hiyo mimi benki ni Sykes, mpakani ni binti wa babu yangu. Nikatuma hela ya matibabu ya mama kupitia kampuni moja, siitaji, wakaizuia, eti jina la akaunti na la kitambulisho haviendani. Mama yuko wodini, hela imeganda hewani, na wao wanajibu kwa roboti. Niliongea maneno ambayo Yorkshire hawajawahi kuyasikia. Na hapo bado sijagusa ada ya afya ya sisi wenye viza, paundi 1,035 kwa mwaka, unalipa kwa mkupuo wa miaka miwili na nusu kabla hawajakupa jibu, na kwenye mshahara bado wanakata. Silalamiki, naeleza.

Kitu kimoja kilinifurahisha. Vyeti vya ndoa vya huku tangu 1837 vilikuwa vinaandika baba tu wa bwana na baba wa bibi, mama hatajwi, wamekuja kubadilisha Mei 2021. Sisi tumeoana baada ya hapo. Kwa hiyo cheti changu kina jina la mama yangu, na sehemu ya kazi nikamwambia msajili aandike anauza vitumbua, akauliza ni nini, nikamweleza, akaandika mpishi. Mama nimemtumia picha, amepeleka kwa yule kijana wa stempu ikalaminetiwa. Shangazi hiyo husemi kwenye grupu.

Kwa wanaoniuliza wabadilishe au wasibadilishe, mi sijui, hilo ni la mtu na nyumba yake. Rafiki yangu Mkenya yuko Leeds hajabadilisha na wanae wana jina la baba, yeye anatembea na cheti cha kuzaliwa na barua ya mume, hajawahi kupata tabu. Mimi ndo nilipata. Ila kama umeshabadilisha na pasipoti bado ya zamani, tiketi kata kwa jina lililo kwenye pasipoti, hata kama mume anakununulia na anataka kukuona mrembo kwa jina lake. Na ukitaka hela zifike nyumbani, kabla hujagusa benki badilisha kwanza kitambulisho unachotumia kutumia hela. Mengine niulizeni kwenye komenti, ya Dully Sykes nafuta.