Mbaazi Hazijamkosea Mtu

(Mhadhara kwa makocha na wachezaji wa timu za mitaani, Masasi, Mtwara)

Ahsante, mwenyekiti. Nilipewa nusu saa, utambulisho umeshaila sehemu yake nzuri, kwa hiyo salamu nyingine tutapeana nje.

Wanaonifahamu wameshajua ninachotaka kusema. Nimekisema viwanjani, nimekisema kwenye vikao vya makocha, na kuna siku nilikianza msibani nikavutwa shati. Kijana wa Mtwara haishiwi pumzi uwanjani kwa kukosa nyama. Anaishiwa kwa sababu hajala vya kutosha, au kajaza tumbo ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi, huku mbaazi za kwao zimo kwenye viroba zinamsubiri mnunuzi.

Nitawapa kisa, na waliokwisha kukisikia wavumilie. Timu ya vijana, shule siitaji, iliwekwa kambini kabla ya mashindano. Fedha hakuna, wazazi wakachanga mazao: mbaazi, unga wa dona, karanga. Mimi nilipoona ule mchango nilifurahi. Siku ya pili nahodha anakuja, uso umemvimba: "Mwalimu, tunalishwa kama mahabusu." Wamegoma kula. Kamati ikaingiwa na huruma, ikauza mbaazi na karanga ili vijana wapate nyama. Sasa kumbukeni ni lini hiyo. Ni baada ya India kubana uagizaji wa mbaazi mwaka 2017, na hapa Kusini mnajua bei ilivyoanguka, watu waliziacha shambani. Kwa hiyo chakula cha kambi nzima kikauzwa kwa bei ya kutupa, ikanunuliwa nyama ya siku moja. Vipande viwili kila mtu, na mchuzi mwingi. Walishangilia! Siku zilizobaki? Ugali wa muhogo na nyanya. Mechi ilipofika, kipindi cha pili vijana wanatembea. Wanatembea kabisa, mpira unawapita. Na mwalimu mwenzangu pale benchi ananiambia, "Unaona? Nyama ilikuwa ndogo."

Nyama ilikuwa ndogo!

Haya, tupige hesabu, maana huwa naambiwa napiga siasa. Mwanamichezo anayefanya mazoezi ya kweli anahitaji protini kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kijana wa kilo 60, basi, ni gramu 72 mpaka 120. Mbaazi kavu gramu 100 zina protini gramu 21 hivi, na nyama mbichi ya ng'ombe haiko mbali na hapo. Mpe robo kilo ya mbaazi, igawanye asubuhi na jioni, umeshapata 50 na kidogo. Nusu kilo ya dona inaongeza kama 40. Konzi mbili za karanga, umevuka 100. Hapo hatujagusa korosho wala njugu mawe. Lakini ukitoa dona ukaweka muhogo, hesabu inaporomoka, kwa sababu unga wa muhogo una wanga mwingi na protini kiduchu. Ndicho kilichowaangusha wale vijana.

Mtaalamu mmoja atasimama aniambie protini ya mimea haijakamilika. Kweli, mbaazi peke yake ina upungufu wa methionini, moja ya viungo vinavyojenga protini. Mahindi nayo yana upungufu wa lisini, kiungo kingine cha namna hiyo. Lakini mbaazi zina lisini tele, na mahindi na ufuta vina methionini. Bibi zetu walipoweka ugali na mbaazi kwenye sinia moja hawakusubiri maabara. Na ufuta wa Lindi, ndugu zangu, tunaulima sisi, tunaupakia sisi, halafu mtoto hajui hata ladha yake.

Mwingine atasema hayo ni maneno ya kujifariji maskini. Sawa, twende kwa matajiri. Carl Lewis, mwanariadha wa Marekani, aliacha kabisa nyama, maziwa na mayai mwaka 1990. Mwaka 1991, Tokyo, akiwa na miaka 30, akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.86, rekodi ya dunia. Yeye mwenyewe ameandika kwamba ule mwaka wake wa kwanza wa kula mimea ndio uliokuwa bora kuliko yote mbioni. Najua, najua: alikuwa bingwa tangu Olimpiki ya Los Angeles 1984, medali 4 za dhahabu, na wakati ule nyama anakula. Na pale pale Tokyo, kwenye kuruka chini, alifika mita 8.91 na bado Mike Powell akamshinda kwa 8.95. Msiniulize Powell alikula nini. Mimi sijasema mbaazi zinatoa mabingwa. Nasema kukosa nyama kusiwe kisingizio.

Na wa nguvu? Patrik Baboumian wa Ujerumani, mwaka 2013 kule Toronto, alibeba kilo 550 akatembea nazo mita 10. Hayo ni magunia matano na nusu ya mbaazi, kwa mtu asiyegusa hata yai. Wa mbio ndefu yupo Scott Jurek, alishinda Western States, kilomita 161 za milima ya California, mara 7 mfululizo, 1999 mpaka 2005, bila nyama.

Nilitaka niwape na habari za wapiganaji wa Kirumi waliozikwa Efeso, mifupa yao imepimwa ijulikane walikula nini... naona mwenyekiti anaangalia saa. Tuwaache Warumi wapumzike.

Haraka haraka. Kwanza, vitamini B12 haimo kwenye mimea. Anayeacha vyote, nyama, samaki, mayai na maziwa, lazima atumie vidonge, hapo hakuna ubishi wala dawa ya asili. Mimi sijawakataza dagaa. Pili, chai. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi na kisamvu hayapendi chai, chai ingoje saa moja baada ya chakula. Kamulia limau, au kula bibo, lile tunda la korosho, vitamini C yake inasaidia madini hayo kuingia mwilini. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na sisi tunachukua korosho tunalitupa chini, au tunalifanya uraka, pombe yake, halafu mchezaji anaunywa usiku wa kuamkia mechi! Tatu, muhogo mchungu uloweke na kuukausha vizuri, na kisamvu kitwangwe kichemke sana, sumu itoke. Dada zetu wanaocheza na suala la upungufu wa damu, hilo lilistahili siku yake, nitaomba nialikwe tena.

Poda za protini za kwenye makopo sizizungumzii. Nikianza hatutatoka humu.

Maswali. Kijana mwenye jezi ya njano... Supu ya pweza? Nilijua tu itakuja. Kunywa baba, pweza ana protini nzuri na B12 anayo. Ila usiuze kiroba cha mbaazi ili uinunue. Mwingine. Mama pale nyuma, uliinua mkono tangu nikiwa kwa yule Mjerumani.