Mechi Zisizo na Pointi: Wiki Moja ya Machi 2020

SALAMA: Haya, karibuni tena kipindini. Mimi ni Salama, niko Mombasa, na mkisikia kitu kinavuma nyuma yangu ni feni. Joto la Machi halina adabu. Mwenzangu yuko Mesa, Arizona. Juma, huko saa ngapi saa hizi?

JUMA: Saa mbili asubuhi. Kwenu jua linazama, kwetu ndio kwanza chai. Shikamoo kwa wakubwa wanaotusikiliza, marahaba kwa wadogo.

SALAMA: Leo nimekubali kushindwa. Miaka yote unaniambia tufanye kipindi kuhusu besiboli, nakukwepa. Lakini juzi ulinisimulia ile wiki ya Machi 2020, corona ilipoingia, nikaona hapa pana maneno. Ila anza na hili: mechi za kambi ya machipuo ni mechi gani? Maana uliniambia hazina pointi.

JUMA: Hazina. Wewe zichukulie kama zile za Simba na Yanga kabla ya ligi kufunguliwa, ila hizi ni mwezi mzima na zaidi, karibu kila siku. Katikati ya Februari wanaripoti kwanza warushaji na wadakaji, kisha wengine wote. Timu ziko 30. Nusu zinapiga kambi Florida, nusu huku kwetu. Za Florida wanaziita Ligi ya Mabalungi, zetu Ligi ya Madungusi.

SALAMA: Mabalungi haya haya ya kula?

JUMA: Haya haya. Wanasimulia kwamba mwaka 1915, kule Daytona Beach, kocha mmoja aliyeitwa Wilbert Robinson alijigamba atadaka mpira ukidondoshwa kutoka kwenye ndege. Rubani alikuwa mwanamke, Ruth Law. Badala ya mpira likadondoshwa balungi. Likampasukia kifuani, maji yakamwagika mwili mzima, mzee akapiga kelele akidhani ni damu yake.

SALAMA: (anacheka) Astaghfirullah!

JUMA: Sasa mchezo wenyewe. Nyota anacheza awamu tatu kati ya tisa, anaoga, anaondoka. Unabaki na vijana wenye jezi namba 87, namba 94, majina huyajui. Mechi inaweza kuisha sare, jambo ambalo kwenye msimu ni nadra mno. Mrushaji aliyemaliza zamu yake unamwona anakimbia pembeni ya uwanja kujinyoosha, na mechi inaendelea.

SALAMA: Mechi inaendelea, na mtu anafanya mazoezi humo humo?

JUMA: Humo humo, na hakuna anayeshangaa. Hapa Mesa kuna uwanja wa Cubs, timu ya Chicago. Unaingia watu 15,000, lakini mimi sipendi viti. Nyuma kabisa kuna kilima cha majani, watu wanatandika shuka kama wako Forodhani. Tiketi yake ndiyo nafuu. Watoto wanabingirika, wazee wamelala kofia usoni. Ukiuliza nani anaongoza, nusu yao hawajui.

SALAMA: Sasa kitu ambacho hata aliyepo hajui nani anaongoza, wewe wakifuatilia cha nini?

JUMA: Aliyenifundisha ni mzee mmoja. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sitaitaja, si muhimu. Huyu mzee macho yalikuwa yamepungua, lakini masikio! Alikuwa na daftari la kuandikia mechi, lenye vyumba vidogo vidogo, kila mpigaji na mstari wake. Mchana nikimaliza kugawa chakula, mechi inaanza saa saba, naweka simu mezani kwake, mtangazaji anatangaza, yeye anaandika. Penseli kubwa ya seremala, imechongwa kwa kisu. Mpigaji akitolewa kwa kukosa mipira mitatu, unaandika herufi K. Lakini akitolewa akiwa amesimama tu na gongo lake, hajapunga hata kidogo, K unaigeuza, mgongo unatazama upande wa pili.

SALAMA: Kama mtu aliyenuna.

JUMA: Kama aliyenuna kweli! Nikimwona mzee anageuza K, nacheka kabla sijajua ni nani katolewa.

SALAMA: Turudi 2020. Habari ya besiboli mwaka ule, kabla ya ugonjwa, ilikuwa ile ya wizi.

JUMA: Aa, Astros wa Houston. Wizi wa ishara. Mdakaji humpa mrushaji ishara kwa vidole: rusha wa kasi, rusha wa kupinda. Mwaka 2017 Astros walikuwa na kamera inayomulika vidole hivyo, picha inakuja kwenye skrini karibu na benchi lao, mtu anatazama, kisha anagonga pipa la taka. Pipa likilia, mpigaji anajua mpira unaokuja si wa kasi. Kimya, ni wa kasi.

SALAMA: Pipa la taka! Na wana kamera!

JUMA: Ndiyo uhalifu wa kisasa huo. Na mwaka huo huo wakatwaa ubingwa. Ripoti ya ligi ikatoka tarehe 13 Januari 2020: faini dola milioni 5, kocha na meneja mkuu wakafungiwa mwaka mzima, klabu ikawafukuza siku hiyo hiyo. Mchezaji hata mmoja hakuadhibiwa. Kwa hiyo Februari kambi zinafunguliwa, watu wana hasira. Astros kambi yao iko West Palm Beach, Florida, na wanaigawana na Nationals wa Washington, ambao ndio waliowafunga kwenye fainali ya 2019.

SALAMA: Mtalaka na mtalaka mwenziwe, nyumba moja, choo kimoja.

JUMA: Basi kila Astros wanapokwenda wanazomewa. Mzee wangu alikuwa anasubiri msimu uanze kwa jambo hilo moja, asikie watu 40,000 wanavyowazomea. Kila siku ananiuliza: bado siku ngapi? Msimu ulikuwa uanze tarehe 26 Machi.

SALAMA: Sasa ile wiki yenyewe. Mimi naikumbuka kwa upande wetu. Jumapili tarehe 8, Juma, ilikuwa na jambo Dar es Salaam. Au nimesahau?

JUMA: Hujasahau, unanichokoza.

SALAMA: Yanga moja, Simba bila. Bernard Morrison, mpira wa adhabu, karibu na mapumziko. Uwanja wa Taifa umefurika, watu wamekaa bega kwa bega.

JUMA: Umemaliza? Sawa. Mimi Simba wa kuzaliwa Tanga, niliamka alfajiri kuitazama, nikaenda kazini nimevimba. Lakini tazama hizo tarehe. Jumapili watu wamebanana hivyo. Jumatatu tarehe 9, ligi kubwa za huku, ya besiboli ikiwemo, zikatangaza kwamba waandishi wa habari hawaruhusiwi tena vyumba vya wachezaji. Na wachezaji walikuwa wameshaambiwa wasipokee kalamu wala mpira kutoka mkononi mwa shabiki kusaini. Nikiwa pale kwenye majani nilimwona mtoto ameshika mpira wake na kalamu, mkono umenyooka juu ya uzio, mchezaji anamwambia pole, anapita. Mtoto hajaelewa. Mimi pia, nilidhani ana maringo.

SALAMA: Na wewe ulikuwa wafuatilia habari za corona?

JUMA: Nilikuwa nazifuatilia kwa namna ya ajabu. Simu moja, sikio moja. Mechi inatangazwa, juu ya skrini zinapita habari: Italia imefunga nchi, Seattle wagonjwa wanaongezeka. Mtangazaji anasema kijana namba 91 ndiye anaingia kupiga. Nilikuwa najiambia, madhali namba 91 anaingia kupiga, dunia iko sawa. Wangekuwa wanacheza fainali ningeona labda ni pesa ndiyo inayowasukuma. Lakini hizi ni mechi zisizo na pointi! Nani angehatarisha watu kwa mechi isiyohesabiwa popote?

SALAMA: Ukaifanya ndiyo kipimajoto chako.

JUMA: Ndiyo. Ukaja usiku wa Jumatano tarehe 11. Mchana, Shirika la Afya Duniani limesema hili sasa ni janga la dunia nzima. Gavana wa jimbo la Washington amepiga marufuku mikusanyiko mikubwa Seattle, maana yake Mariners, timu ya besiboli ya huko, hawana pa kufungulia msimu. Usiku Rais Trump anahutubia, anazuia wasafiri kutoka Ulaya. Mwigizaji Tom Hanks anasema yuko Australia, anaumwa corona. Na kule Oklahoma City mechi ya kikapu inafutwa watu wako vitini, mchezaji Rudy Gobert wa timu ya Utah amepatikana na virusi. Ligi nzima ya kikapu ikasimama. Hayo yote kwa saa chache.

SALAMA: Ulilala?

JUMA: Nililala, nina zamu asubuhi. Alhamisi naingia kazini, mzee ameshachonga penseli. Amechora na tarehe juu ya ukurasa, 3/12, Wamarekani wanaanza na mwezi. Habari ikaja mchana kabla ya mechi: kuanzia saa kumi jioni, saa za mashariki, mechi zote za kambi zimefutwa, na msimu umesogezwa mbele wiki mbili au zaidi. Florida kuna timu zilikuwa uwanjani muda huo huo. Hata Tucson, kusini kwetu, wachezaji wa nchi mbalimbali walikuwa wakutane kugombea nafasi ya Kombe la Dunia la besiboli, Afrika Kusini wakiwemo. Ikaahirishwa.

SALAMA: Mzee alisemaje?

JUMA: Hakusema. Ukurasa ule una tarehe juu, chini mweupe. Akaufunga akaweka penseli katikati, kama mtu atakayerudi baadaye kidogo. Mimi ndiye niliyeogopa, Salama. Hotuba ya rais haikuniogopesha. Kufutwa kwa mechi ambayo haina maana yoyote, hapo ndipo magoti yalilegea.

SALAMA: Kwetu ilikuwa siku ya pili yake, Ijumaa tarehe 13. Waziri wa Afya Mutahi Kagwe amesimama, mgonjwa wa kwanza Kenya. Na akasema ametoka wapi? Marekani, kupitia London. Mama alinipigia: huyo ndugu yako Juma ndiye aliyetuletea.

JUMA: (anacheka) Nilipokea ujumbe wa namna hiyo kama sita.

SALAMA: Jumapili Rais Kenyatta akafunga shule. Ninyi Tanzania Jumatatu mgonjwa wa kwanza, Arusha, na Jumanne Waziri Mkuu Majaliwa akasimamisha shule na michezo. Yanga wakabaki na bao lao la kujivunia nyumbani.

JUMA: Hilo bao limeingiaje tena?

SALAMA: Endelea, kaka. Kule kazini?

JUMA: Milango ikafungwa. Amri ikatoka kwamba nyumba za wazee zisipokee wageni. Binti yake mzee akawa anakuja, anasimama nje ya dirisha, wanaongea kwa simu, mimi ndiye nimeshika simu. Na kila siku saa saba ananiuliza, leo nani na nani? Siku za mwanzo nilikuwa nampa maelezo marefu. Baadaye nikachukua daftari lake, nikafungua kurasa za Februari, nikawa namsomea kama ndiyo mtangazaji. Namba 94, K. Namba 72, K imenuna.

SALAMA: Kwani hakujua?

JUMA: Alijua! Kuna siku nilikosea mstari akanisahihisha. «Huyo alidakwa, hakukosa.» Na kweli, penseli ilisema hivyo.

SALAMA: Ligi ilirudi lini?

JUMA: Tarehe 23 Julai. Mechi 60 badala ya 162, viwanja vitupu. Maana yake Astros waliponea chupuchupu. Ile zomeazomea ya msimu mzima, iliyosubiriwa nchi nzima, hakukuwa na wa kuipiga. Kuna timu ziliweka vitini picha za watu za kadibodi, na kwenye vipaza sauti wanapiga kelele za mashabiki zilizorekodiwa.

SALAMA: Kelele za kopo.

JUMA: Za kopo kabisa. Cubs wakafungua tarehe 24, Chicago, wakicheza na Milwaukee. Kyle Hendricks akarusha mechi nzima peke yake, kitu adimu siku hizi, akashinda 3 kwa 0. Mimi nimevaa barakoa na ngao ya plastiki usoni, simu iko mezani. Mzee anaandika. Awamu ya nne akasimamisha penseli, akainamisha kichwa. «Wameweka nini hicho?» Nikamwambia, mashabiki. Akasikiliza tena. «Hapana. Mashabiki kuna mmoja anauza bia, kuna mtoto analia. Na mtu hukohoa.»

SALAMA: Na siku zile nani angethubutu kukohoa?

JUMA: Sasa daftari lile chini kabisa lina kijichumba cha kuandika idadi ya watazamaji. Mimi nilijua atakiacha wazi. Mechi ilipoisha akanirudishia nimpigie mistari, nikaona amejaza.

SALAMA: Ameandika sifuri?

JUMA: Ameandika 2.