Amecheza Dakika Ngapi? Mhadhara Kuhusu Endrick na Vijana wa Brazil

Ndugu mwenyekiti, makocha wenzangu, wazazi mliokuja na watoto wenu, asanteni kwa kunialika.

Mliowahi kunisikia mnajua ninakoelekea, na leo naelekea hukohuko, kwa sababu hali haijabadilika. Kila kijana wa Brazil anapouzwa Ulaya, swali la kwanza vijiweni, redioni, na hata kwa makocha wenye leseni zao, ni hili: ameuzwa bei gani? Ikitajwa bei watu wanaguna, wanapiga makofi, kijana anaitwa nyota. Mimi nauliza swali jingine na nitaendelea kuliuliza mpaka mlichoke: huyo kijana amecheza dakika ngapi? Na huko anakokwenda, atacheza dakika ngapi?

Nitamtumia Endrick. Sitawaeleza kwa kirefu Palmeiras ya São Paulo ni klabu gani wala Real Madrid ya Hispania ni nani, hayo mnayajua. Endrick Felipe Moreira de Sousa amezaliwa tarehe 21 Julai 2006, Taguatinga, jirani na mji mkuu Brasília. Nyumbani hali ilikuwa ngumu. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba akiwa mtoto alimkuta baba yake analia kwa kukosa chakula cha kuwapa, akamwambia atakuwa mchezaji wa mpira na atamtoa kwenye ile shida. Baba akawa anarekodi mabao ya mwanawe na kuyaweka mtandaoni ili klabu kubwa zimwone. Palmeiras wakamwona. Mtoto alikuwa na miaka kama kumi tu.

Wazazi, hapa sikilizeni vizuri. Familia ilihamia São Paulo, na baba akapata kazi ya usafi hapohapo kwenye klabu. Mtoto akakua akimwona baba yake kila siku. Watu wanaisimulia habari hii kama hadithi ya kuliza, lakini mimi naiona kama uamuzi wa kiufundi. Mtoto wa miaka kumi na moja aliyetenganishwa na wazazi wake, umbali wa kilomita mia kadhaa, hajifunzi mpira. Anajifunza kulala na hamu ya nyumbani. Klabu iliyomweka baba karibu iliiongezea nguvu miguu ya mtoto.

Sasa twende Januari 2022, kwenye Copinha, ile Copa São Paulo ya vijana. Endrick ana miaka 15 na anacheza na watu wanaomzidi miaka kadhaa, wengine wana ndevu. Anafunga bao la tikitaka, lile la kujirusha mgongo chini miguu juu, dhidi ya Oeste, video inazunguka dunia nzima. Palmeiras wanaichapa Santos 4-0 kwenye fainali, wanalitwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza, na mtoto anatajwa mchezaji bora. Brazil nzima inapiga kelele: mpandisheni! Palmeiras walikuwa wanakwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu mwezi uliofuata, na watu walitaka abebwe aende.

Kocha wa Palmeiras alikuwa Abel Ferreira, Mreno. Alisema nini? Alishauri kijana apelekwe Disney akapumzike! Nchi nzima inataka awe mfalme, kocha anasema huyu ni mtoto, akacheze. Tena sheria ilikuwa upande wa kocha, maana Brazil mchezaji hasaini mkataba wa kwanza wa kulipwa kabla ya kutimiza miaka 16. Julai akatimiza. Mkataba ukasainiwa. Akapangwa siku hiyohiyo? Hapana. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Alipewa nafasi tarehe 6 Oktoba 2022 dhidi ya Coritiba, timu ikiwa inaongoza na mchezo uko salama. Tarehe 25 mwezi huohuo akafunga mawili kule Curitiba dhidi ya Athletico Paranaense.

Desemba 2022 Real Madrid wakatangaza kwamba wamekubaliana na Palmeiras. Gazeti gani halikuandika bei? Yalitajwa mamilioni kwa mamilioni ya euro. Kilichoandikwa kwa herufi ndogo ni kwamba angebaki Palmeiras mpaka Julai 2024, atimize miaka 18. Kwangu mimi, mwaka mmoja na nusu ule ndio utajiri wenyewe.

Kwa sababu mwaka 2023 ulianza vibaya. Mechi baada ya mechi hafungi. Mtoto ana jina la Madrid mgongoni na bao halipatikani. Abel akamrudisha benchi, akawa anamwingiza, anamtoa, anamwingiza tena. Najua kuna mtu hapa anasema, "Sasa mwalimu, wewe si unapinga benchi?" Ngoja. Kuna benchi la kocha anayejua wiki ijayo atakuingiza lini na kwa nini, na kuna kusugua benchi kwa sababu mbele yako wamekaa watu wanne waliosajiliwa kwa bei kubwa kuliko yako. Benchi la kwanza ni darasa. La pili ni maegesho.

Na sasa tarehe 1 Novemba 2023, uwanja wa Nilton Santos, Rio. Hii mechi nimeisimulia mara nyingi na nitaisimulia tena. Botafogo wanaongoza ligi, wamekaa kileleni muda mrefu, watu wao wameshaanza kusherehekea. Mapumziko: Botafogo 3, Palmeiras 0. Timu yoyote ingeanza kuhesabu dakika za kwenda nyumbani. Kipindi cha pili kinaanza, Endrick anachukua mpira, anawapita mabeki, anafunga. 3-1. Beki wa Botafogo, Adryelson, anapewa kadi nyekundu. Bado Botafogo wanapata penalti! Tiquinho Soares anapiga, Weverton, kipa wa Palmeiras, anaokoa. Penalti ile ingeingia, habari ingekuwa imekwisha. Dakika ya 84, Endrick tena. 3-2. Flaco López anasawazisha. Dakika za nyongeza, zimekwenda tisa, Murilo anafunga la nne. 4-3. Kutoka hapo Botafogo hawakuinuka tena, na Palmeiras wakawa mabingwa wa Brazil kwa mwaka wa pili mfululizo.

Kijana alikuwa na miaka 17. Nikiwauliza wachambuzi wetu ule ujasiri alioonyesha akiwa nyuma mabao matatu, ugenini, ulitoka wapi, wananijibu "kipaji". Jamani! Kipaji alikuwa nacho Februari pia, alipokuwa hafungi. Kati ya Februari na Novemba alipata mechi. Alikosea mbele ya watu elfu arobaini, akapangwa tena, akakosea tena, akapangwa tena. Ndiyo maana Machi 2024 timu ya taifa ya Brazil ilipokwenda Wembley, London, akaingia kipindi cha pili, kipa wa England akautema mpira na yeye alikuwa tayari ameshafika. Brazil 1, England 0. Siku tatu baadaye akafunga tena dhidi ya Hispania, pale Bernabéu, uwanja wa Real Madrid. Mshambuliaji anayefika kwenye mpira uliotemwa ni mshambuliaji ambaye mwili wake umezoea mechi. Mazoezi peke yake hayaleti hilo.

Julai 2024 akatua Madrid. Agosti 25 dhidi ya Valladolid aliingia mwishoni na kufunga. Septemba, Ligi ya Mabingwa, dhidi ya Stuttgart, aliingia tena dakika za mwisho. Ikatokea mashambulizi ya kushtukiza, Endrick ana mpira, Vinícius yuko huku, Mbappé yuko kule, wote wanaweza kupewa. Akapiga mwenyewe kutoka mbali. Ukaingia, watu wakasema ana roho ngumu. Mimi nilihuzunika, na makocha wa washambuliaji watanielewa. Mtoto anayepewa dakika tano anacheza kama mtu mwenye dakika tano. Hawezi kupasia, maana hajui ataugusa mpira lini tena. Mkimfanya hivyo msimu mzima, mnamfundisha uchoyo, halafu baadaye mnamlaumu kwamba ni mchoyo.

Angalieni msimu wenyewe. Katika ligi alifunga bao moja tu, lile la Valladolid. Katika Copa del Rey, kombe la mtoano la Hispania, ambako kocha Ancelotti alimpa nafasi ya kucheza kwelikweli, alifunga matano. Miguu ni ileile na mwaka ni uleule! Kisha Mei 2025 akaumia nyama za paja, akaja kocha mpya, Xabi Alonso, na miezi ikapita bila kijana kuonekana.

Hapa huwa napingwa. Wanasema, "Mwalimu, kufanya mazoezi na Mbappé na Bellingham kila siku ni shule tosha." Basi nitajie Reinier. Kimya? Reinier, kijana mwingine wa Brazil, alitoka Flamengo ya Rio Januari 2020, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 18, kwa ada iliyotajwa kuwa euro milioni 30. Huku kwetu tulimpigia makofi. Hakucheza mechi hata moja ya kikosi cha kwanza cha Real Madrid. Akakopeshwa Dortmund, Girona, Frosinone, Granada, na mwaka 2025 akarudi Brazil, Atlético Mineiro. Alifanya mazoezi na wakubwa wangapi? Vitor Roque, Mbrazil pia, alikwenda Barcelona Januari 2024, akakaa benchi, akapelekwa Betis kwa mkopo, akarudi Brazil mapema 2025. Alipojiunga na Palmeiras na kupangwa kila wiki, mabao yakarudi. Hakwenda kwa mganga!

Mwingine ananiambia, "Vinícius je?" Vizuri, Vinícius. Aliuzwa kabla hata ya kuwa mchezaji wa kudumu Flamengo, euro milioni 45. Lakini alipofika Madrid mwaka 2018, kocha Solari alimpanga. Alikosa mabao mengi, alichekwa na watu wengi, na wakaendelea kumpanga. Mwaka 2022 akafunga bao pekee la fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kwa hiyo mfano wako unanisaidia mimi.

Wazee hapa wanamkumbuka Ronaldo, yule Mbrazil wa meno. Alitoka Cruzeiro mwaka 1994 akiwa na miaka 17, akaenda PSV ya Uholanzi. Msimu wa kwanza alifunga mabao 30 ya ligi. Barcelona wakamchukua mwaka 1996, akiwa ameshakuwa mtu mzima wa mpira. PSV ilikuwa klabu inayomhitaji Jumapili hii, siyo miaka mitatu ijayo. Ndiyo maana niliposikia Endrick anakwenda Lyon ya Ufaransa kwa mkopo, kuanzia Januari 2026, nilifurahi kuliko siku ile ya mamilioni. Mechi ya kwanza, Kombe la Ufaransa dhidi ya Lille, akafunga. Mwezi huohuo akaifunga Metz mabao matatu katika mchezo mmoja. Watu wakashangaa, "kumbe bado yupo!" Alikuwepo siku zote.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nitaharakisha.

Kwanza, msiondoke mkidhani nasema Brazil ni peponi. Tarehe 8 Februari 2019, moto uliwaka alfajiri katika mabweni ya kituo cha mazoezi cha Flamengo, Ninho do Urubu. Watoto walikuwa wamelazwa kwenye makontena. Walikufa 10, wenye umri wa miaka 14 hadi 16. Klabu tajiri kabisa. Mzazi, unapompeleka mwanao kwenye akademi yoyote, nenda ukaone anapolala kabla hujaona uwanja. Fungua mlango wa nyuma ujue kama unafunguka.

Pili, kanuni. FIFA, kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho, inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Endrick alisubiri miaka 18. Estêvão, mwenzake wa Palmeiras, alisubiri pia kabla ya kwenda Chelsea mwaka 2025, na kabla ya hapo alikuwa ameshacheza ligi ya Brazil kwa msimu mzima. Kwa hiyo wakala akija kwako na tiketi ya ndege ya mtoto wa miaka 15, huyo si wakala. Mwite mjumbe wa mtaa.

Tatu, na hili linatuhusu moja kwa moja. Mchezaji akihamishwa kimataifa kwa ada, asilimia 5 ya ada ile inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Palmeiras wanalijua hilo na kila mtoto wao ana kumbukumbu za usajili. Mbwana Samatta wetu alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya England Januari 2020, klabu alizopitia kabla ya kutimiza miaka 23 zilikuwa na haki ya kudai fungu. Ninyi makocha mliokaa hapa, watoto wenu wa miaka 12 mmewasajili wapi? Kwenye daftari? Daftari halilipwi. Kawasajilini rasmi kwenye chama cha wilaya, kila msimu, tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli.

Nilikuwa na sehemu ndefu juu ya mikataba ya mawakala na namna ya kuisoma, lakini muda haupo. Yule mama wa safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipomtaja Reinier. Mpeni kipaza sauti.